Ngazi Arobaini na Tatu za Mwalimu Kistaman

Mwalimu Kistaman Omarova anastaafu leo, tarehe 25 Mei, siku ya Kengele ya Mwisho inayofunga mwaka wa shule, baada ya kufundisha Kiavar, lugha yetu ya milimani, katika shule yetu ya Hotlada kwa miaka arobaini na mmoja. Yeye mwenyewe angetukatiza hapa. Kiavar hakina arobaini, kina ishirini mbili, yaani ishirini mara mbili. Basi tuseme amefundisha miaka ishirini mbili na mmoja, ili tuendelee kwa amani.

Alifika kutoka chuo cha ualimu akiwa na koti moja na mfuko wa mbegu za aprikoti. Mfuko ungalipo. Mbegu zimebadilishwa mara nyingi, kwa sababu kila darasa la kwanza lina mtoto anayezivunja na kula kiini. Kila mtoto hupewa mbegu ishirini na kuzipanga juu ya dawati: tso, kigo, labgo, yaani moja, mbili, tatu, mpaka ziishe. Nusu ya kijiji hiki imehesabu kwa mbegu hizo.

Adui yake alikuwa mmoja tu: namba za Kirusi. Sisi Waavar wa siku hizi tunaongea lugha yetu vizuri mpaka namba itokee. Saa, umri na simu tunavitaja kwa Kirusi, halafu tunarudi kwenye Kiavar kana kwamba hatukutoka. Aliyekamatwa na Mwalimu Kistaman aliteremshwa mpaka chemchemi iliyo chini ya shule, akapanda tena ngazi arobaini na tatu za mawe zinazoleta shuleni, akizihesabu kwa Kiavar, kwa sauti. Mwalimu Mkuu Sirajudin naye aliwahi kukamatwa akitaja namba yake ya simu kwenye ukumbi.

“Mwalimu, goti linaniuma,” alijitetea.

“Goti unalo. Namba ndizo huna.”

Alipanda.

Mwaka huu utani ulipungua. Wilaya iliandika kwamba somo la Kiavar litaendelea tu kama wazazi wa watoto ishirini wataliomba kwa maandishi. Wasipofika ishirini, litaondoka pamoja naye. Kwenye mkutano wa Februari walitia saini wazazi sita tu. Gitino, dereva wa lori, alisimama.

“Mwalimu, tusidanganyane. Binti yangu akahesabu nini kwa Kiavar? Kondoo?”

Watu walicheka. Mwalimu Kistaman alicheka pia, na wale aliowahi kuwafundisha wakaacha kucheka.

Mwanzoni mwa Mei kondoo wa kijiji walirudi kutoka malisho ya majira ya baridi huko tambarare. Kama kawaida, walipitishwa mmoja mmoja kwenye upenyo wa ukuta wa zizi, wenye kondoo wakihesabu. Wanaume watatu walihesabu kwa Kirusi, simu zikilia mifukoni, wakapata majibu matatu. Mchunga kondoo Abdurazak, aliyetembea nao siku kumi na mbili, alivua kofia. Alisema ameleta wote, na sasa watu walikuwa wakimtazama.

Ndipo Mwalimu Kistaman alipofika na darasa la pili zima, mfuko mkononi. Aliomba kondoo wapitishwe upya. Watoto walikaa juu ya ukuta na kuhesabu kwa pamoja, kwa Kiavar. Kila walipofika ishirini, binti wa Gitino, Zaza, alitupia mbegu moja kwenye kofia ya manyoya ya Abdurazak, na wenzake wakaanza tena na tso. Mwishoni kofia ilikuwa na mbegu kumi na tisa, na kondoo saba walizidi. Jumla, mia tatu themanini na saba. Ndiyo hesabu aliyokabidhiwa Abdurazak. Alivaa kofia yake na mbegu zote ndani, akashika njia ya kwake.

“Kondoo,” Mwalimu alimwambia Gitino. “Kama ulivyouliza.”

“Nimesikia, Mwalimu.”

Maombi yalianza kuja. Hata hivyo, jana asubuhi, siku ya mwisho ya kuyapokea, kikomo kikiwa saa sita mchana, yalikuwa kumi na tisa. Saa sita kasorobo lori lilisimama chini, Gitino akapanda mbio, karatasi mkononi, akitweta kwa Kirusi kwamba bado dakika kumi na tano. Mwalimu Kistaman hakuipokea. Alimwangalia tu. Gitino aliangalia saa, akaangalia ngazi, akashuka.

Tulijazana madirishani. Alipanda vizuri mpaka thelathini na tisa, kisha akanyamaza, mguu mmoja hewani.

“Baba,” Zaza alinong'ona kwa nguvu kutoka dirishani. “Ishirini mbili.”

“Najua,” akasema, lakini hakuwa akijua.

Karatasi ilipokelewa saa sita kasoro dakika tano.

Mwalimu, somo linabaki. Mfuko umeuacha juu ya meza, na tumeshauona umepungua mbegu mbili. Tunakushukuru kwa kila mara uliyotuteremsha. Leo unashuka wewe, na kwa kuwa hukutufundisha kuhesabu kwa kurudi nyuma, shuka taratibu bila hesabu yoyote. Za kupanda tutazihesabu sisi. Maisha yako ya kupumzika yawe mema, yenye afya na chai isiyopoa. Tunakutakia miaka ishirini. Ukiimaliza, tupia mbegu moja kofiani, uanze tena na tso.