Shahidi Kwenye Kiti cha Nyuma

Basi la umeme halina kelele, kwa hivyo tangu watoke mjini Inspekta Were alikuwa akisikia kila neno lililosemwa nyuma yake.

"Polisi hawashiki mtu bure, mama," alisema mwanamume mwenye gazeti. "Mwalimu Peres alichoma ofisi ya mheshimiwa mbunge Jumamosi mchana."

"Uongo!" mama mwenye kikapu akawaka. "Jumamosi tulikuwa naye kwa matanga Riruta, tukisugua sufuria mpaka jioni. Kosa lake ni kutaka kiti cha mheshimiwa! Nikimpata huyo mpelelezi wa kesi yake nitamwambia usoni!"

Faili ya Peres ilikuwa mapajani mwa Were. Mkubwa wake alimkabidhi asubuhi, mkosaji keshaandikwa, umebaki ushahidi tu wa kutafutwa. Aligeuka, akaonyesha kitambulisho. "Basi niambie, mama."

Were alijua kitakachofuata: mtu akiona polisi, husema hajasema kitu. Lakini mama akamsogelea.

"Mercyline Awuor. Riruta, nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Andika!"

Basi likasimama kituo cha Hurlingham. Kalamu ya Were ilikuwa bado hewani juu ya faili, na hakuna abiria aliyeshuka; wote walingoja kuona kama ataandika.