Mvua ya Songea

SOMOE: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

JAFARI: Shikamoo, dada.

SOMOE: Marahaba. Nani? Namba siijui hii.

JAFARI: Mimi. Jafari.

[kimya]

JAFARI: Dada Somoe? Unanipata?

SOMOE: Nakupata.

JAFARI: Nilibadilisha laini. Ile ya zamani niliitupa tangu... tangu mwezi wa kwanza.

SOMOE: Ndiyo maana.

JAFARI: Ndiyo maana nini?

SOMOE: Sema ulichopigia, Jafari. Mtandao wako unakwaruza, sisikii vizu—

JAFARI: Siyo mtandao. Mvua hiyo, inapiga bati. Niko kazini, ghalani. Mahindi tumeyafunika maturubai, malori yamekwama nje, Songea nzima ni tope. Sasa sikiliza, dada. Najua mzee hataki kusikia sauti yangu. Basi mwambie wewe. Mwambie atoke bondeni, apande juu. Mvua huku haijakatika, leo siku ya kumi.

SOMOE: Ya kumi.

JAFARI: Eh. Ilianza Ijumaa. Siyo hii ya juzi, ile ya kabla yake.

SOMOE: Na wewe ulianza kuhesabu lini?

JAFARI: Dada—

SOMOE: Nauliza tu. Ulikuwa unahesabu kila siku, au leo ndiyo umezihesabu zote kwa mpigo?

JAFARI: [anakohoa] Baridi huku, kifua kimebana. Mchana huu nimevaa sweta mbili. Huko vipi? Mmepata mvua?

SOMOE: Huku jua. Wiki ya tatu hii hata tone. Tumeanika magodoro.

JAFARI: Kunguni?

[kimya]

JAFARI: Unaona sasa? Hilo jua ndilo linalowadanganya. Mto unaanzia huku kwetu, milimani. Maji yakitoka huku yanatembea siku tano ndipo yafike huko kwenu Mahurunga. Mzee yuko kwenye dungu lake katikati ya mpunga, anafukuza ndege, akitazama juu anga jeupe, anasema mafuriko gani—

SOMOE: Unanifundisha mto, Jafari? Mimi niliyezaliwa hapa?

JAFARI: Sikufundishi. Nasema mwambie—

SOMOE: Tulikubaliana nini?

JAFARI: Lini?

SOMOE: Mwaka ule ulipohamia huko. Ulikaa hapa barazani, ukatueleza mwenyewe. Hebu rudia.

JAFARI: Dada, siyo wakati wa—

SOMOE: Rudia.

JAFARI: Mvua ikipiga siku tatu mfululizo, nipige simu.

SOMOE: Siku ya tatu ilikuwa Jumapili iliyopita. Mzee alishinda hapa nyumbani kutwa. Alikula ugali wa muhogo na kisamvu, akasuka teo jipya la kurushia ndege mawe, akanitania kwamba nimenenepa. Simu ilikuwa hapa, juu ya mkeka, kati yangu na yeye. Ina chaji.

JAFARI: Basi mpe. Mpe hiyo simu nimwambie mwenyewe. Nitamwomba radhi, yaishe. [anasikiliza] Mbona kuna watu wengi hapo? Mna shughuli?

SOMOE: Watu wamekuja.

JAFARI: Wa nini?

SOMOE: Khitma.

[mvua inasikika kwenye bati]

JAFARI: Khitma ya nani?

SOMOE: Usinifanye nitamke.

JAFARI: Ya nani, dada?

SOMOE: Leo siku ya tatu tangu tumzike.

JAFARI: Hapana. Hapana, hapana—subiri, nitoke nje kidogo—

SOMOE: Kaa hapo hapo. Sitairudia. Maji yalikuja Jumatano, alasiri. Jua linawaka, Jafari. Wanawake walikuwa wanaanika muhogo. Tulisikia tu kama lori linakuja, na kule chini hakuna barabara ya lori. Tulipofika kwenye mteremko, bonde lote lilikuwa maji mekundu. Dungu halikuwepo.

JAFARI: Inna lillahi... Baba. Baba yangu.

SOMOE: Wavuvi wa kaa ndio waliomkuta. Ijumaa asubuhi, kwenye mikoko, karibu na mto unapoingia baharini. Walimjua kwa ule mkanda wake.

JAFARI: Mkanda niliomnunulia mimi.

SOMOE: Ndiyo.

JAFARI: Kwa nini hamkuniambia? Siku tatu! Mtu anazikwa, mwanawe—

SOMOE: Nilikupigia mara kumi na tatu. Yule dada wa kwenye simu ananiambia namba haipatikani. Nikafika hadi kwa dereva wa basi la Songea, nikamwachia jina lako. Jina, basi. Ungeacha namba, ningekuwa na cha kumwachia.

JAFARI: Nani aliingia kaburini?

SOMOE: Shemeji yako Bakari. Yeye mume wangu ndiye aliyesimama mahali pako.

JAFARI: Dada, unajua vizuri kwa nini niliitupa ile laini. Mwezi wa kwanza nilipiga. Siku ya tatu, kama tulivyokubaliana. Mkahama wote—

SOMOE: Tukahama. Siku sita tumelala kwa mama mdogo kule juu, maji hayakuja, na viboko wakamaliza mahindi yetu yote.

JAFARI: Sasa mimi ndiye niliyeyazuia maji? Mvua ilikatika, mto ukatulia, ningefanyaje? Mzee akanipigia. Akaweka spika, watu wamejaa barazani. "Mtabiri wa Songea! Mvua yako baki nayo huko huko kwenye baridi, sisi huku tuna jua letu. Usinipigie tena." Niliwasikia wakicheka. Na wewe nilikusikia, dada. Kicheko chako nakijua.

SOMOE: Nilicheka.

JAFARI: Ulicheka.

SOMOE: Nimekwambia nilicheka. Unataka niseme mara ngapi? Tangu Jumatano nakisikia mwenyewe.

JAFARI: Aliniambia nisipige tena.

SOMOE: Na wewe ukatii! Lini ulimtii mzee, Jafari? Alikukataza sigara, ukavuta. Alikukataza kwenda Songea, ukaenda. Katika yote aliyokukataza maisha yako yote, umetii hilo moja tu.

JAFARI: Niliishika simu. Jumapili ile. Nimesimama hapa hapa mlangoni, mvua inamwagika, nikaishika. Namba yake ninayo kichwani.

SOMOE: Halafu?

JAFARI: Nikasema nisubiri kesho. Labda itakatika, nichekwe tena. Kesho yake nikasema, wana redio, watasikia.

SOMOE: Redio tulisikia. Walitaja mkoa mmoja mmoja. Pwani ya kusini, mvua chini ya wastani. Mzee akapiga paja: "Mmesikia? Mwaka huu hata kiboko atakufa na kiu."

JAFARI: Na mkoa wa Ruvuma? Huku kwetu walisemaje?

SOMOE: Juu ya wastani. Mzee akaizima. Akasema hiyo ni ya kwao.

[mtu anaita kwa mbali upande wa Somoe]

SOMOE: Nakuja! Wagawieni wa nje kwanza! ... Jafari, hutakiwi kulia kazini. Watu watakuona.

JAFARI: Nakuja. Kesho alfajiri napanda basi. Jioni nitakuwa Masasi, keshokutwa—

SOMOE: Hiyo mvua bado inanyesha?

JAFARI: Si unaisikia.

SOMOE: Nataka uniambie. Imepungua, haijapungua?

JAFARI: Haijapungua. Imezidi. Alhamisi ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, daraja la hapa chini lilifunikwa, watoto hawakwenda shule.

SOMOE: Alhamisi.

JAFARI: Eh.

SOMOE: Hesabu.

JAFARI: Ijumaa, jana, leo... kesho... Jumanne. Jumanne yatakuwa kwenu. Dada, na hayo yatakuwa makubwa kuliko yale.

SOMOE: Familia nne zinashuka bondeni kesho. Maji yamepungua, mpunga umelala kwenye tope, wanataka kuokoa wanachoweza. Na Bakari yumo. Wamepanga kukaa huko huko hadi Alhamisi.

JAFARI: Wazuie! Wazuie sasa hivi, wote wako hapo!

SOMOE: Watatazama juu.

JAFARI: Waambie umesikia kwa mtu. Usinitaje mimi.

SOMOE: Nitakutaja. Huko juu hatuna mtu mwingine. [kwa sauti] Bakari! Bakari, wasitoke kwanza, waambie wakae! ... Jafari, mimi nakwenda. Na hilo basi usipande.

JAFARI: Nisipande vipi? Dada, ni baba yangu. Sijashika hata udongo wake.

SOMOE: Ukipanda, wewe utakuwa njiani siku mbili, na huko nani atatutazamia mvua? Utafika hapa, utalia juu ya kaburi, halafu wote tutakaa tunatazama jua. Baki.

JAFARI: Hadi lini?

SOMOE: Hadi mwezi wa tano, masika yenu yaishe. Asubuhi piga, jioni piga. Isiponyesha, piga useme haijanyesha.

JAFARI: Utapokea?

SOMOE: Habari ya mvua nitapokea.

JAFARI: Na nyingine? Dada, nyingine je?

SOMOE: Watu wanavaa viatu, Jafari. Nakata.

JAFARI: Dada Som—

[simu imekatwa]