Marahaba ya Komba Mapepe

Tarehe 27 Juni 2025, Bi Hanifa Chande atarudisha funguo za chumba cha kurekodia na kuiaga studio yetu ya Ukunda baada ya miaka ishirini na minane. Aliajiriwa kupokea simu. Mwigizaji aliyekusudiwa kuwa sauti ya Komba Mapepe alipokaukiwa na koo asubuhi ya kurekodi, Bi Hanifa alisukumwa mbele ya kipaza sauti akiwa bado ameshika kalamu ya mapokezi. Hakurudi tena kwenye simu.

Waliokulia kati ya Msambweni na Matuga wanamjua komba huyo wa katuni, mwenye macho kama visosi. Kila kipindi kilimalizika vile vile: Komba aliwageukia watoto, akanyamaza kidogo ili wamwamkie, kisha akajibu, "Marahaba, mwanangu. Umeoga?" Wazazi wametusimulia jinsi ndoo zilivyogombaniwa. Bi Hanifa mwenyewe ameulizwa kama ameoga akiwa sokoni, kwenye ngazi za msikiti, na mara moja na daktari wa meno aliyekuwa tayari na koleo mkononi.

Mwaka jana tulimkuza Komba. Hati niliiandika mimi, na mpaka leo siombi radhi. Katika kipindi kipya, Komba Mtu Mzima, amefutwa kazi hotelini Diani, mkewe amemwacha, na jioni hunywa tembo la mnazi. Watazamaji walituwakia. Mama mmoja wa Samburu, aitwaye Mbodze, alituma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja akisema kwamba tumemwibia utoto wake. Wengine walisimama langoni na mabango, wakidai warudishiwe Komba wao.

Bi Hanifa alizisikiliza jumbe zote kwa siku mbili, bila kuruka hata mmoja. Kisha akaja mezani kwangu akaniambia kwamba wanataja tembo, ila kinachowauma ni kuwa Komba haitikii tena salamu. Ni kweli, nilikuwa nimeifuta, nikidhani watu wazima hawana haja nayo. Nilibisha, kama kawaida yangu.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ngala, hakungoja tumalize kubishana. Aliamua kipindi kifungwe, na Bi Hanifa asome mubashara redioni taarifa ya kuomba radhi, tena kwa sauti ya Komba. Ilikuwa imebaki miezi kumi na sita astaafu, na kila mtu alijua kwamba kukaidi kungemtoa mlangoni siku hiyo hiyo. Aliingia, akaikunja karatasi mara nne, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, akasema kwa sauti yake mwenyewe:

"Mimi tembo sijalionja wala sitalionja. Lakini komba hulinywa, muulizeni mgema yeyote. Nyinyi mmekua, mmeoa, mmeachwa, mmefutwa kazi. Mwataka Komba peke yake abaki mtoto? Basi mkirudi nyumbani mmevunjika moyo, nani atawafahamu? Siombi radhi."

Akanyamaza kidogo. Halafu, kwa sauti ya Komba: "Marahaba, mwanangu. Umeoga?"

Fundi mitambo, Mwero, alilia hadi akasahau kuzima vyombo. Nje, mabango yalishushwa moja moja, na watu wazima wenye ndevu wakasikika wakiamkia redio ya bawabu. Si wote waliotusamehe. Mbodze bado hutulaumu kila wiki, na lawama zake zinaonyesha kwamba hutazama mpaka mwisho kabisa. Bwana Ngala alinuna siku nne, kisha akaidhinisha msimu wa pili. Ile marahaba niliirudisha kwa mkono wangu, na kuifuta ndilo kosa pekee ninalolikiri.

Ukaidi wenyewe haujaisha. Juzi Bi Hanifa alikataa sauti yake ihifadhiwe kwenye kompyuta ili itumike akishaondoka. Alisema kwamba anayeamkiwa lazima awepo, na kwamba mrithi wake, Kache, ataitikia mwenyewe.

Bi Hanifa, ahsante kwa kutulea sisi na Komba, na kwa kukataa tulipokuwa tumeshakubali. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wa alasiri huko Msambweni, na wajukuu wabishi kama wewe. Siku ya kukuaga tutasimama sote, Bwana Ngala akiwa mstari wa mbele. Tuachie ule ukimya wako mdogo, usituharakishe.

Shikamoo, Bi Hanifa. Tumeoga.

Swabir Sanga, mwandishi wa hati