Mwalimu Ernesta na Ramani ya Ukutani

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni, mimi ni Emilian Bizimana, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na tangu jana nashauriwa niuruke mwaka 1978, nami sitauruka.

Mwalimu Ernesta Bizimana alizaliwa tarehe 6 Mei 1938 huko Kanazi, wilayani Ngara, akasoma hapohapo, akahitimu ualimu mwaka 1959, akaanza kazi Biharamulo mjini, ambako tarehe 18 Julai 1964 alifunga ndoa na Bwana Faustini Nyanda, mfugaji kutoka Shinyanga, wakajaliwa mtoto mmoja, Speciosa, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1967, na waliosema mtoto mmoja wa kike hatoshi aliwajibu kwamba yeye anamtosha.

Mwaka 1974 walihamia kijiji hiki cha ujamaa, jirani na Nyakanazi, nyumba zikapangwa mstari mmoja zikifanana, hata watu wazima tukawa tunapotea kijijini kwetu. Mapema mwaka 1978 dada alianza kumfundisha Speciosa na wenzake wa darasa la nne kusoma ramani, wakapima kijiji kizima kwa kamba ya ndama iliyopigwa fundo kila mita, shemeji akalalamika kwamba ndama wanamaliza maharage ya watu, hakusikilizwa, kisha wakachora ukutani mwa darasa kwa mkaa na udongo mwekundu, shule, kisima, zahanati na daraja, kila kitu mahali pake.

Vita vilipoanza, mgambo waliiona ramani ile, mkutano ukaitishwa tarehe 14 Novemba, dada akaitwa jasusi anayemwonyesha adui daraja, na Speciosa, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akaulizwa mbele ya kijiji ni nani aliyemtuma kupima daraja, akajibu kwamba alitumwa na mama yake ili ajue anakaa wapi. Dada aliambiwa aifute, aombe radhi, abaki na kazi yake. Alikataa, akasema hawezi kumfundisha mtoto kitu leo, kesho amwambie ni kosa kukijua, akawekwa mahabusu hadi tarehe 2 Desemba, akaachiwa bila shtaka, ukuta wakaupaka chokaa wengine, na kazi hakurudishiwa. Nilikasirika siku ile, na leo bado nimekasirika.

Akafundishia uani kwake, kwanza Speciosa peke yake, baadaye na watoto wenu, mliowapitisha shambani ili msionekane.

Aliugua figo tangu Agosti 1982, akalazwa Biharamulo, akafariki tarehe 9 Machi 1983, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Speciosa, ambaye sasa yuko kidato cha pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani, na walimu wenzake mliokuja ingawa mlikatazwa. Dada, umefanya kazi yako, lala kwa amani.

Nanyi mliomwita jasusi, karibuni, chai mmepewa kama wenzenu, ila msinivute pembeni kuninong'oneza pole, mlimchafua mkutanoni, msafisheni mkutanoni, watu ndio hawa, jeneza halijashuka, mimi nimemaliza kusoma, nasubiri.