Usiku Mama Mkwe Alipozima Taa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na tena, maana huyu mnayemwona amesimama hapa, kuna watu walishaanza kuulizana kikwembe, kile kitenge cha matanga, kitakuwa rangi gani. Ninawajua, lakini leo nimekuja kushukuru tu.

Mimi ni Maman Ngoie, ninayepikia wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda bukari, yaani ugali, na maharage. Msimu wa mvua uliopita nilishikwa na kikohozi, nikasema ni vumbi la kule. Ndugu zangu, halikuwa vumbi. Mapafu yalijaa, homa ikapanda, nikaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mume wangu akanipakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Daktari, mama mmoja asiyecheka ovyo, akasema ugonjwa umeshaingia kwenye damu, na sasa mwili wenyewe unawaka na kujipiga. Akanitundikia serum, yale maji ya mshipa, na dawa kali za sindano.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mgonjwa mahututi haachwi gizani, eti balozi, wale wachawi, watapata njia. Taa inawaka juu ya uso wake mpaka kunakucha, na wamama wanapokezana nyimbo ili asilale moja kwa moja. Jamani, nilipendwa. Kila nikisinzia, mtu ananitikisa bega, "Maman Ngoie, usituache." Mama mkwe wangu, Mama Kabedi, alishika zamu kuliko wote. Zamani alimzika mtoto wake wa kwanza, na aliamini alimpoteza kwa sababu taa iliishiwa mafuta. Kwangu mimi alikuja na taa mbili.

Homa ikakataa kushuka. Nikawa ninaona kuta zinatembea. Daktari alipoingia na kuona zile taa, alikasirika. Akatueleza kwamba sindano zake zinaua vijidudu, lakini mwili nao una dawa yake, inaitwa mélatonine, na unaitengeneza wakati wa giza. Ndiyo inayoleta usingizi. Tena wataalamu wanaona inasaidia kinga ya mwili na kutuliza ule moto wa ndani, ingawa bado wanaichunguza. Akaniandikia na kidonge chake, akasema hakichukui nafasi ya sindano. "Lakini mukimuwashia taa ku macho usiku muzima, miye ninajenga, ninyi munabomoa."

Alipotoka, Mama Kabedi alikataa kabisa. "Nizime, balozi bamukute? Hapana. Nilishazika mutoto." Akaanza kulia.

Ndugu zangu, nilijua wazi kwamba nisipolala ninakufa. Nguvu ya kubishana sikuwa nayo, lakini kufa nilikataa. Nikakusanya pumzi, nikamshika mkono. "Mama, ule Mungu unaombaka kila siku, anaogopaka giza?"

Alifuta machozi. Halafu akawaambia wamama waende nyumbani wakaombee huko. Akazima taa ya kwanza, akazima na ya pili. Akakaa miguuni pangu, ameshika unyayo wangu, anaomba bila sauti. Alitetemeka mpaka kitanda kikatikisika. Nikalala.

Sikuamka mzima, nisiwadanganye. Niliamka nikijua jina langu. Sindano ziliendelea, kidonge kiliendelea, na kila jioni Mama Kabedi alifunga pazia mwenyewe. Homa ikashuka polepole, pumzi ikarudi, mpaka siku nilipoomba bukari kwa mdomo wangu. Mume wangu alitoka nje, akalia huko.

Ninamshukuru Mungu aliyeumba mchana, na usiku akautia dawa. Ninamshukuru daktari kwa ukali wake. Wewe uliye na mgonjwa nyumbani, mkimbize hospitali, asiache dawa hata moja, mwombee bila kuchoka. Lakini jua likizama, mwacheni alale. Mungu hahitaji taa yetu ili amwone mgonjwa.

Na msinisifu mimi kwa imani. Mimi nilikuwa mgonjwa, nilitaka kulala tu. Mama Kabedi, simama wakuone. Aliyeamini ni huyu, aliyezima taa huku anaogopa. Mkirudi nyumbani leo, mwaminini Bwana namna hiyo.