Safari Hii Nélida Etchegoyen Anaondoka Kweli

Tarehe 30 Aprili, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Ofisi ya Vipimo vya Mto hapa Paysandú, Uruguay, mhandisi Nélida Etchegoyen anastaafu. Safari hii ni kweli. Waliochangia keki mara mbili zilizopita watulie: keki hii italiwa, na mwenye keki ataondoka.

Alikuja kwetu kutoka Montevideo, chupa ya maji moto kwapani na kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani, mkononi, akakabidhiwa kompyuta zinazopokea vipimo vya mto. Sisi wengine tunabofya vipicha. Yeye huandika amri kwenye dirisha jeusi, akinywa mate bila kutazama vidole vyake.

Dirisha lile huanza na uwezo wa kawaida tu. Ukitaka zaidi, iwe hesabu ngumu au kuongea na mashine nyingine, unapakia moduli yake, yaani kipande cha programu cha kuongezea. Unaweza hata kuchukua kipengele kimoja cha moduli na kuacha vingine vyote. Kwa Nélida hiyo ilikuwa adabu ya nyumbani: anayehitajika aitwe, aliyemaliza kazi aage. Tulimcheka sana kwa hilo.

Aliyecheka kuliko wote ni Washington Píriz wa takwimu. Siku moja alichoka kupakia kimoja kimoja, akaandika kwenye faili la kuanzishia kwamba moduli zote zipakiwe kila asubuhi, ati kwa tahadhari. Lo! Moduli ya mafaili ikaleta amri yake ya kufuta, ikaikalia nafasi ya ile tuliyoizoea, na haikuyaelewa maagizo ya programu yetu inayofuta mafaili ya zamani. Wiki nzima hakikufutwa kitu, diski ikajaa pomoni. Nélida alimwangalia kwa huruma. “Washington, mwanangu, umemwalika mtu mmoja chakula cha mchana, mbona umeleta ukoo mzima?” Mpaka leo tukimwona Washington na sahani iliyojaa tunamuuliza kama ukoo haujambo.

Sasa niseme la moyoni. Nélida ana dada, Irma, anayeishi peke yake mjini Mercedes, na macho yake yanafifia. Waliahidiana kuzeeka nyumba moja. Nélida aliomba kustaafu, tukamng'ang'ania. Mwaka uliofuata akaomba tena, tukamng'ang'ania tena, kwa sababu kila kitu humu kilimtegemea yeye. Tuliona tunampenda. Kumbe tulikuwa tunamlia Irma siku zake za kuona.

Nélida hakugombana na mtu. Alituonyesha tu kwenye dirisha lake kwamba moduli ambayo nyingine inaitegemea haikubali kuondolewa. “Mimi ndiye huyo,” alisema, akajimiminia mate. Tangu siku hiyo akaanza kujifungua kamba moja baada ya nyingine. Kazi aliyokuwa akiifanya peke yake akaigawa. Mabel Rosendo, aliyekuja kuwa msaidizi wake, akaulizwa maswali hadi wakati wa kukaanga tortas fritas, maandazi yetu ya siku za mvua.

Jaribio lilikuja Wiki ya Pasaka. Nélida yuko likizo kwa Irma, mvua haikatiki, mto unapanda. Saa nne asubuhi faili moja bovu la vipimo likaichanganya programu ya kupokea: ikaanza kujizalisha bila kukoma, hadi mashine ikakosa nafasi ya kuanzisha programu yoyote. Kila amri ya Mabel ikakataliwa. Watu wa mtaa wa bandarini walikuwa wamefunga magodoro yao, wakisubiri neno letu wahame au wabaki. Mkuu wetu akasema, “Izime, uiwashe upya!” Mabel akamjibu, “Vipimo vya leo viko kwenye kumbukumbu ya muda, bosi. Nikizima vimekwenda.”

Washington alikuwa ameshika simu tayari. “Nimpigie Doña Nélida?”

“Weka simu chini, Washington,” Mabel akasema.

Dirisha jeusi lilikuwa bado hai. Na moduli huingia ndani ya dirisha lenyewe, haihitaji programu mpya kuanzishwa. Mabel akapakia moduli ya mafaili, akachukua kipengele cha kufuta peke yake, akalifuta lile faili bovu, kisha akazisimamisha programu zilizozaana. Mashine ikapumua. Vipimo vikasomeka, bandarini wakaambiwa wahame, na maji yalipofika yalikuta nyumba tupu. Mabel akaiondoa moduli, ndipo akainua simu mwenyewe.

Anasema alipomaliza kueleza, Nélida aliuliza, “Ulichukua kipengele kimoja tu?”

“Kimoja tu, Doña Nélida.”

“Na umekiondoa?”

“Nimekiondoa.”

“Basi na mimi niondoeni.” Mabel anasema alikuwa analia. Nélida anakana, anasema ni mafua.

Doña Nélida, ahsante kwa mto uliotulindia, na ahsante kwa kutuachia ofisi isiyokuhitaji. Zawadi hiyo hatukuiomba, tena tuliipinga. Tutakukumbuka kila mvua ikinyesha, lakini simu hatupigi. Irma bado anaiona sura ya mtu akikaa karibu. Nenda ukakae karibu, na siku zenu ziwe njema na nyingi.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Wilmar Bentancor, Kitengo cha Pampu