Pipa la Bi Udongo Halimwagwi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kurusha vitu chuoni hapa, mwalimu wetu wa ufinyanzi, ambaye hata mkuu wa chuo humwita Bi Udongo, anastaafu tarehe 30 Juni. Wasifu nimepewa mimi mtunza stoo, maana walimu wenye shahada wanamwogopa.

Somo lake la kwanza halijabadilika: bonge la udongo lirushwe kwa nguvu katikati ya gurudumu, la sivyo litakurukia wewe. Wageni wa heshima waliokaa mbele wameondoka na suti za madoadoa.

Jioni alifundisha michezo ya kurusha mkuki na tufe. Mwaka ambao tufe la chuo lilipotea (mhasibu alikuwa akizuilia mlango wake kwa hilo, lakini hayo tuyaache), alifinyanga la udongo, akalichoma. Lilirushwa mara moja tu. Likapasuka vipande kumi na vinne, naye akashikilia tupime kile kilichofika mbali.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Huyu wetu, thubutu! Magae katuwekea sisi tunaokwenda kumdoea chai.

Sheria yake kuu ni ya pipa. Chungu kikipinda kinatupwa humo, kinamwagiwa maji, kinafunikwa gunia, na pipa halimwagwi kabla ya siku saba. Siku ya nane udongo umelainika, unafinyangwa chungu kipya. Wengine hutupa jongoo na mti wake. Yeye jongoo humtupa, mti akauloweka.

Tulimcheka hadi mwaka jana. Asubuhi ya kutuma matokeo ya wanafunzi arobaini na mmoja, karani wetu, msafi kupindukia, alikuwa akifagia kompyuta yake. Makaratasi yake yote ya zamani aliyatupa kwenye pipa la taka la mashine, na matokeo yakaenda nayo bila yeye kujua. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kulimwaga pipa, Bi Udongo akaingia na tope hadi viwikoni. Akamuuliza, we mwanangu, hilo pipa lina siku ngapi? La leo leo, mama. Basi ondoa kidole, na unitolee kimoja kimoja nione.

Kompyuta yenyewe hajui hata inawashiwa wapi! Cha tatu kutoka kilikuwa matokeo. Karani aliketi sakafuni. Wale arobaini na mmoja wana vyeti leo, wala hawajui kwamba waliwahi kulala pipani.

Sasa juzi, Bi Udongo, ulinong'ona kwamba unajiona kama chombo kinachotupwa. Koma! Sheria ni yako mwenyewe. Siku ya nane baada ya kustaafu tutabisha hodi kwako, tuone umekuwa udongo wa chungu gani.

Asante kwa yote uliyorusha, na zaidi kwa uliyokataa yamwagwe. Uishi kwa raha na afya tele, na chai yetu, tafadhali, iwe kwenye vikombe vizima.